Likizo ya skii na ubao wa theluji nchini Japani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekulia Tanga. Theluji niliijua kwa jina, na kwa ile kofia nyeupe ya Kilimanjaro iliyoonekana dirishani mwa basi la Arusha siku ambazo mawingu yalikubali kuondoka. Nilikuwa na miaka 31 nilipokwenda Japani kujifunza kuteleza juu ya theluji, kwa skii (mbao mbili nyembamba, moja kila mguu) au kwa ubao mmoja wa miguu yote miwili, na tangu hapo nimerudi kila nilipopata likizo na nauli. Ndugu na marafiki, na marafiki wa marafiki, wananiuliza yale yale. Haya ndiyo majibu ninayowapa.

Mimi sijawahi hata kuigusa theluji. Likizo hii inanifaa kweli?

Inakufaa, kwa sharti moja: ukae kijiji kimoja usiku 6 au 7, na siku 3 za mwanzo uwe na mwalimu. Wengi wetu tukishalipa nauli ya kufika mbali hivyo tunataka kuona Tokyo, Kyoto, Osaka, mlima Fuji na theluji, yote ndani ya siku 9. Matokeo yake mlimani unapata siku moja na nusu, ya kwanza unaanguka, ya pili mwili unauma, unaondoka ukiamini mchezo huu si wetu. Siku ya 4 ndipo mambo hufunguka. Miguu inaacha kubishana na mteremko, unaanza kuinua macho na kuiona milima. Mtu aliyeondoka siku ya pili hakuifikia.

Kama unataka kuonja kwanza kabla ya kuweka akiba ya safari nzima, na ndege yako inapitia Dubai, ndani ya Mall of the Emirates kuna Ski Dubai, mteremko wa theluji ulio ndani ya jengo tangu 2005. Saa 2 pale zitakueleza kama mwili wako unaupenda mchezo. Hazitakueleza chochote kuhusu mlima.

Kwa nini Japani na si Ulaya?

Kwa sababu ya theluji yenyewe. Majira ya baridi upepo mkavu, wa baridi kali, hutoka Siberia na kuvuka Bahari ya Japani, ambayo maji yake yana joto kuliko huo upepo. Ukivuka unanyonya unyevu. Ukifika ng'ambo unakuta milima imesimama karibu na pwani, unalazimika kupanda, na kila ulichobeba unakimwaga pale pale. Aliyekulia Tanga hahitaji kuelezwa mara mbili: ndivyo pepo za bahari zinavyoinyeshea milima ya Usambara. Kwetu inashuka mvua, na kule Niseko, kwenye kisiwa cha Hokkaido, inashuka theluji, mita 14 hivi kwa msimu mmoja.

Na ni nyepesi. Ukiichota kiganjani na kuipuliza, inaruka kama unga wa muhogo. Wazoefu wanavuka mabara kuifuata hiyo theluji ya unga.

Kwa mgeni wa mara ya kwanza kuna sababu nyingine ambazo mimi naziona kubwa zaidi. Vijiji vingi vya skii vya Japani vilikuwa vijiji kabla ya kuwa vya skii: vina mahekalu, maduka ya mboga, bibi wanaofagia theluji mlangoni alfajiri, na chemchemi za maji moto ambamo unaloweka maumivu ya siku. Chakula cha mlimani, bakuli la wali na kari kwa mfano, bado hakijapandishwa bei kama kile cha milima ya Alps, Ulaya. Na mwenyeji akikuona umepotea hukupeleka hadi mlangoni.

Mwezi gani ni mzuri?

Msimu ni Desemba hadi mwanzoni mwa Aprili, na vituo vya skii vilivyo juu milimani huendelea hadi Mei. Theluji ya unga huwa tele kuanzia katikati ya Januari hadi katikati ya Februari, na karibu kila mtu atakuambia uende wakati huo. Mimi nasema inategemea wewe ni nani. Anayejifunza hana faida na theluji ya kufika magotini, inamchosha na kumfukia. Mwisho wa Februari na wiki mbili za mwanzo za Machi zinamfaa zaidi: mchana umerefuka, baridi imelegea, jua linatoka, watu wamepungua na vyumba mara nyingi vimeshuka bei. Hokkaido ya Januari unaweza kukaa wiki nzima bila kuliona jua sawasawa.

Epuka siku za mwaka mpya wa Kijapani, takriban tarehe 29 Desemba hadi 3 Januari, ambapo nchi nzima iko safarini. Angalia pia tarehe ya mwaka mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari. Wiki hiyo bei hupanda na walimu huwa wameshakodiwa miezi kabla.

Niende Hokkaido au Honshu? Niseko au Hakuba?

Hapa ndipo watu hupoteza usingizi, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Hokkaido ni kisiwa cha kaskazini. Baridi yake ni kali, theluji yake ni kavu zaidi, milima yake si mirefu. Niseko ndiyo maarufu kupita zote: vituo vinne, Grand Hirafu, Hanazono, Niseko Village na Annupuri, vyote juu ya mlima mmoja wa mita 1,308, vikitazamana na Yotei, mlima wa volkano wenye mita 1,898 unaofanana na Fuji mdogo. Kiingereza kinatosha kila mahali, walimu wa kigeni ni wengi, na hilo ni nafuu kwa mtu mwenye hofu. Lakini ni ghali. Tiketi ya lifti, yaani viti vya kamba vinavyokupandisha mlimani, ya siku nzima kwa vituo vyote vinne imeshapita yen 10,000, na kuna jioni utakaa mkahawani usisikie Kijapani hata neno. Furano na Rusutsu ni tulivu zaidi, na theluji ni ile ile.

Honshu ni kisiwa kikuu, chenye Tokyo. Milima yake ya Nagano na Niigata ni mirefu na mikali zaidi, na kufika ni rahisi kwa treni. Hakuba ni bonde lenye vituo 10, na Happo-one ndicho kinachojulikana zaidi. Mbio za kushuka mlima za Olimpiki ya 1998 zilifanyika hapo.

Na hapo Hakuba kuna kitu chetu. Katika uwanja wa Snow Harp, Februari 1998, Mkenya Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 aliyejifunzia skii Finland, alishiriki mbio za kilomita 10 za skii za nyika. Alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Alimaliza wa 92, wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa ameshamaliza zamani, lakini alikataa kwenda kupokea medali yake hadi Boit afike, akasimama kwenye mstari wa mwisho akimsubiri, akamkumbatia. Boit baadaye alimwita mwanawe Dæhlie. Mimi nilikwenda kusimama kwenye ule uwanja siku ya mawingu, hapakuwa na mtu, na nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Nozawa Onsen ndicho chaguo langu kwa mtu wa mara ya kwanza. Ni kijiji cha vichochoro, moshi wa maji moto unapanda kutoka mifereji ya barabarani, na kuna mabafu 13 ya umma yanayotunzwa na wanakijiji wenyewe, ambayo mgeni huingia bila kiingilio, unatumbukiza sarafu sandukuni. Ukiwa hapo tarehe 15 Januari utaona sherehe ya moto: wanaume wenye umri wa miaka 42 hukaa juu ya jengo refu la mbao, wenye miaka 25 hulilinda chini, na kijiji kizima kinashambulia kwa mienge. Umri huo wa 25 na 42 huaminiwa kuwa na mikosi, na moto ndio unaoiondoa.

Shiga Kogen iko juu zaidi, kilele chake cha Yokoteyama ni mita 2,307, kwa hiyo inafaa mwishoni mwa msimu. Myoko ina theluji nyingi na bei za kiungwana. Zao, mkoa wa Yamagata, ina miti iliyogandiwa na barafu hadi inafanana na majitu yaliyosimama. Wapiga picha wanaipenda. Na kama uko Tokyo kikazi au kimasomo na una siku moja tu, panda treni ya kasi hadi Gala Yuzawa. Ni kama dakika 80, stesheni iko ndani ya kituo chenyewe, unakodi kila kitu humo na jioni unarudi.

Nahitaji viza?

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji. Unaomba kwenye ubalozi wa Japani unaohudumia nchi unayoishi, na kuna balozi Nairobi, Dar es Salaam, Kampala, Kigali na Kinshasa. Ndugu zetu walioko Uingereza, Kanada au Marekani wenye pasipoti za huko huingia kwa utalii hadi siku 90 bila viza. Mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki anayeishi Muscat au Dubai huomba huko huko anakoishi, kwa kibali chake cha ukaazi.

Ubalozi hutaka ratiba ya siku kwa siku: tarehe hii nalala wapi, simu ya hoteli ni ipi. Wengine huijaza kwa kubahatisha, na ni kosa. Hapo ndipo likizo ya kijiji kimoja inakurahisishia kazi, maana mistari 7 ina anwani moja. Andaa pia taarifa ya benki ya miezi ya karibuni, barua ya mwajiri au karatasi za biashara, na mpango wa ndege wa kwenda na kurudi. Viza ya kuingia mara moja huwa hai kwa miezi 3 tangu itolewe, kwa hiyo ukiomba Septemba kwa safari ya Februari, itakufia mkononi.

Hoteli iwekwe nafasi mapema, miezi 6 au zaidi kwa Niseko na Hakuba. Chagua zile zinazokuruhusu kufuta bila kupoteza fedha, viza ikichelewa.

Nitafikaje?

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu. Utapitia Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul. Ukienda Hokkaido, kutoka Tokyo unaunganisha ndege ya saa moja na nusu hadi uwanja wa New Chitose, kisha basi la saa 2 na nusu au 3 hadi Niseko. Ukienda Nagano, treni ya kasi kutoka Tokyo inachukua saa moja na nusu hivi, halafu basi la saa moja na kidogo hadi Hakuba. Kwa Nozawa unashuka Iiyama, basi ni dakika 25 tu.

Watu huniuliza kuhusu ile pasi ya treni ya nchi nzima. Oktoba 2023 ya siku 7 ilipanda hadi yen 50,000. Tokyo hadi Nagano ni takriban yen 8,000 kwenda, na kiasi hicho hicho kurudi. Kama unakaa kijiji kimoja, pasi hiyo haikufai.

Mizigo usihangaike nayo kwenye treni. Kuna huduma inayoitwa takkyubin: unaacha begi kwenye kaunta uwanja wa ndege, unajaza karatasi, na kesho yake au siku inayofuata unalikuta hotelini. Weka nguo za siku 2 kwenye begi la mkononi. Wakati wa kurudi, tuma siku 2 au 3 kabla ya ndege.

Skii au ubao?

Skii ni rahisi siku ya kwanza na inakuwa ngumu baadaye. Ubao unakutesa siku 2 au 3, unaanguka kwa makalio na kwa magoti, kisha ghafla unakubali na unasonga haraka. Kama una siku chache, au umri umekwenda kidogo, au unakwenda na watoto wadogo, chukua skii. Aliyezoea kuteleza juu ya mawimbi au kuendesha ubao wa magurudumu mara nyingi hupenda ubao. Wa ubao huumia zaidi viganja na vifundo vya mikono, wa skii huumia magoti. Vifaa vya kukinga mikono vipo, vikodi.

Ni lazima nimlipe mwalimu? Rafiki yangu anajua, atanifundisha.

Mlipe mwalimu. Nimeona urafiki wa miaka ukiingia ufa kwenye mteremko wa watoto. Anayejua kuteleza hajui lazima kufundisha, na naye amesafiri kuja kuteleza, ndani ya saa moja moyo wake uko juu ya mlima. Mwalimu atakufundisha kwanza kuanguka, kisha kuinuka, kisha kusimama, kwa mpangilio huo. Masomo ya kundi ni nafuu, na ya mtu mmoja yanafika makumi ya maelfu ya yen kwa siku. Niseko na Hakuba walimu wa Kiingereza ni wengi, vijiji vidogo uulize mapema kabla ya kuweka nafasi ya hoteli.

Pesa za nguo mpya za kupendeza zipeleke huku.

Nivae nini, na nikodi nini?

Kodi skii au ubao, viatu, fimbo, kofia ngumu, koti na suruali. Nunua chupi ndefu za kubana mwili za sufu au za kitambaa cha michezo, soksi ndefu jozi 3, glavu nzuri na miwani ya theluji. Pamba uiache nyumbani: ikilowa jasho haikauki, na jasho lile linakugeukia kuwa baridi. Suruali ya jinzi usiikaribie mlima.

Viatu ndivyo vitakavyoamua siku yako. Japani hupima mguu kwa sentimita, kwa hiyo jipime kabla hujaondoka. Namba 42 ya kwetu ni kama sentimita 26.5 au 27. Wanaume wenye miguu ya sentimita 30 na kuendelea waandikie duka mapema, kwani saizi hizo ni chache. Kiatu cha skii kinabana, na ndivyo kinavyotakiwa kuwa, lakini kikikufanya usihisi vidole, rudi ubadilishiwe, usione haya. Na soksi ni jozi moja tu. Ukivaa mbili ili upate joto, damu inabanwa na vidole vinaganda zaidi.

Ngozi zetu hupasuka haraka kule. Mafuta ya nazi yataganda chupani yawe jiwe, beba mafuta mazito ya mgando ya kupaka midomo na mashavu. Na ujipake mafuta ya kuzuia jua, hata kama ngozi yako ni nyeusi. Theluji inarudisha miale ya jua juu, inakupata kutoka chini, kidevuni na ndani ya pua.

Nywele zangu za kusuka zitaingia kwenye kofia ngumu?

Rasta nene zilizofungwa juu, hapana. Suka mistari iliyolala kichwani, ncha zishuke shingoni, na uzifungie ndani ya koti, maana nywele zilizolowa zikikaa nje huganda. Anayevaa hijabu anunue kifuniko chepesi cha kichwa na shingo kinachoacha uso tu, kile wanachokivaa watelezaji wote. Kinaingia chini ya kofia bila shida na hakuna atakayekutazama mara mbili, kwa sababu mlimani kila mtu amejifunika.

Chakula halali kinapatikana vijijini?

Mijini kinapatikana, vijijini kinahitaji maandalizi. Supu ya tambi iitwayo rameni mara nyingi hupikwa kwa mifupa ya nguruwe. Kari ya mlimani huwa na mafuta au nyama ambayo hujui imetoka wapi. Divai ya mchele huingia kwenye michuzi mingi. Mimi na dada yangu hukodi nyumba yenye jiko, tunapika wali, mayai na samaki, na samaki wa kule hana mpinzani. Kwenye duka dogo la kona, lile linaloitwa konbini, kuna matonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani yenye samaki ndani. Piga picha maandishi ya nyuma kwa programu ya kutafsiri ya simu, ukisome kilichomo. Nyumba za wageni zikiarifiwa wiki kadhaa kabla hujitahidi kweli, zikiarifiwa usiku huo huo hazina la kufanya. Bizari na pilipili tunabeba kutoka nyumbani.

Na swala? Na Ramadhani?

Desemba, Sapporo, jua huzama saa 10 jioni. Adhuhuri na alasiri zinakaribiana sana, zipange pamoja na mapumziko ya chakula cha mchana. Lifti nyingi hufunguliwa saa 2 na nusu asubuhi, na vituo vingi vina taa za kuteleza usiku, kwa hiyo siku haiishi jua likizama. Ramadhani kwa miaka hii inaingia ndani ya msimu: 2027 inatarajiwa kuanza karibu tarehe 8 Februari, na 2028 mwishoni mwa Januari. Kuteleza kutwa umefunga, kwa mtu anayejifunza, sikushauri. Nenda kabla ya mwezi.

Nimesikia kwenye maji moto watu huingia uchi. Ni kweli?

Ni kweli. Wanaume upande wao, wanawake wao, bila nguo yoyote. Kabla ya kuingia unaketi kwenye kigoda na kujiosha kwa sabuni mwili mzima, unajisuuza povu lote liishe, ndipo unaingia majini taratibu. Taulo dogo halizamishwi, linawekwa kichwani au pembeni. Wenye chale za wino sehemu nyingi hawaruhusiwi.

Asiyetaka kuonekana, kwa dini yake au kwa haya yake, aulize bafu la faragha, linaloitwa kashikiri. Unalikodi kwa dakika 45 au saa moja, mke na mume au mama na watoto, mnafunga mlango. Usiikose hiyo kwa kuona aibu kuuliza. Nyumba nyingi za wageni wanalo. Kodi ya chemchemi, kwa kawaida yen 150 kwa mtu mzima kwa usiku, hulipwa hotelini.

Ni hatari?

Kwenye miteremko iliyotengenezwa, ukiwa na kofia ngumu na mwalimu, hatari kubwa ni kugongana na kuanguka vibaya. Nje ya kamba za mipaka ya kituo ni habari nyingine, na hapa nakuomba unisikilize kama unavyomsikiliza nahodha.

Theluji nyepesi inayowavuta watu Japani ndiyo hiyo hiyo inayoua. Chini ya mti wa msonobari, matawi huzuia theluji isishindiliwe, kunabaki shimo lililojaa unga. Anayetelezea karibu na shina huanguka humo kichwa chini, miguu imefungwa kwenye ubao, na kila akijitikisa unga unamwagika zaidi usoni. Anakosa pumzi huku wenzake wako mita 20 mbele. Kwa hiyo msituni usiingie peke yako, mwenzako awe machoni pako muda wote, na filimbi iwe shingoni. Maporomoko ya theluji nayo yapo. Niseko kuna malango maalumu ya kutokea nje ya mipaka na sheria zake, na lango likifungwa limefungwa, usiinue kamba kwa sababu umeona nyayo za mwingine. Wanaotoka hubeba kifaa cha mawimbi cha kumtafutia aliyefukiwa, fimbo ndefu ya kuchoma theluji na koleo, na wamejifunza kuvitumia. Ukitafutwa nje ya mipaka, gharama za kutafutwa unaweza kudaiwa wewe.

Hata kijijini: usisimame wala kuegesha mtoto chini ya paa. Theluji ya paani hushuka yote kwa mpigo, na ina uzito wa kuua. Namba ya ambulensi ni 119, polisi ni 110.

Bima yangu ya safari inatosha?

Soma sura ya michezo ya hatari. Bima nyingi tunazonunua kwa ajili ya viza haziingizi skii kabisa, au zinaiingiza kwenye miteremko rasmi tu. Mimi nilivunjika kifundo cha mkono mwaka mmoja, na bima niliyokuwa nayo ilikataa kwa sababu ya mstari mmoja ambao sikuusoma. Nililipa mwenyewe. Uliza kwa maandishi: skii na ubao vimo? Helikopta na kusafirishwa kurudi nyumbani vimo? Wapi mwisho wake?

Naweza kukodi gari?

Japani wanaendesha kushoto kama sisi, na magari utayafahamu, nusu ya magari ya Dar bado yanaongea Kijapani ukiwasha. Lakini leseni ya kimataifa wanayoikubali ni ile ya Mkataba wa Geneva wa 1949 pekee, thibitisha kwanza kama nchi yako inaitoa hiyo. Na hata ukiwa nayo, barafu ya barabarani si mahali pa kujifunzia. Panda basi.

Umeme, fedha, simu?

Umeme ni volti 100, soketi za pini 2 bapa. Chaja ya simu itafanya kazi ukiwa na adapta, pasi na mashine ya kukausha nywele za volti 240 ziache. Beba yen taslimu kwa ajili ya vijijini, na mashine za fedha kwenye maduka ya Seven-Eleven hukubali kadi za kigeni. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi humaliza betri.

Namchukua mama. Hatateleza. Atafanya nini?

Swali hili nalipenda, kwa sababu nilimchukua wangu. Mnunulie viatu vyenye soli ya kung'ang'ania barafu, hilo kwanza. Kutoka Nagano kuna Jigokudani, bonde ambalo nyani wa theluji huja kuoga kwenye maji moto. Ni mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu kupitia msitu uliotulia, njia si kali lakini huteleza. Kama mko Hokkaido mwanzoni mwa Februari, Sapporo kuna tamasha la sanamu za theluji, lililoanza 1950 kwa sanamu 6 za wanafunzi wa sekondari na sasa linajaza bustani ya Odori. Kwingine kote kuna gondola, kibanda kinachoning'inia kwenye kamba: anapanda nayo hadi juu, anakunywa chai, anatazama, anashuka nayo.

Mama alikuwa na miaka 68. Nozawa, juu kidogo ya kijiji, kuna mabirika ya mawe ambamo maji yanachemka kutoka ardhini, na wanakijiji peke yao ndio wanaoruhusiwa kuchemshia humo mboga na mayai. Wageni husimama nje ya uzio. Siku ya tatu niliporudi kutoka mlimani nilimkuta amesimama mbele ya uzio na bibi mmoja wa pale, hakuna lugha wanayoshiriki, bibi akimwonyesha jinsi anavyofunga mafungu ya majani kwa kamba ya mkononi, na mama, aliyefunga mchicha sokoni kwa miaka 20, akimwonyesha namna yetu.